Nani Hakuli na Nani

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuita majina, Madamu alituuliza swali moja. Hakuuliza nani amepigana na nani, wala nani amemtukana nani. Aliuliza, "Nani hakuli na nani?" Darasa zima tukaanza kunyoosheana vidole, kwa sababu mapumziko hayafichi kitu: ukiwa na ugomvi na mwenzako, humegi muhogo naye. Ugomvi wa mdomo ni upepo, alisema, ugomvi wenyewe uko kwenye sahani. Ukiona watu wawili wanaoishi karibu hawali pamoja, ujue hapo kuna kitu kimelala, na heri uende kukiamsha wewe kabla hakijaamka chenyewe.

Nitaanza hapo, na lile linalonikera nitalisema mapema, maana mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Mwanamke huyu aliyewapatanisha watoto wa kambi nzima, na baba zao, na mara moja wake wawili wa mume mmoja, hakula kwetu. Si ugali, si chai, si maji ya kunywa. Tuliishi naye milango minne kutoka kwetu kwa miaka zaidi ya ishirini. Sababu niliijua tangu nina miaka kumi na moja: baba yangu alimuua ndugu yake barabarani, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kumwambia hivyo kwa kinywa. Sisi tulijua, yeye alijua, na maneno hayakutamkwa. Nilikua nikingoja baba ayatamke kabla muda haujamwishia, na kungoja huko kulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana siwezi kukaa kitako nikamweleza Madamu kwa mpango. Mtanivumilia.

Nyumba zetu zilikuwa za familia za polisi, upande wa Luzira, Kampala, karibu na barabara inayoteremka Port Bell. Mama yangu alikuwa koplo. Mume wa Madamu alikuwa sajini, akafa mapema, na mjane akaachiwa chumba kwa sababu alifundisha shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kambi. Watu wa kaskazini tulikuwa wengi. Sisi na Madamu sote ni Waacholi, ila koo mbalimbali. Lugha ya uwanjani ilikuwa Kiswahili, na mpaka leo kuna watu Kampala wakisikia Kiswahili wanashika mifuko, wanadhani askari amefika. Mimi siku hizi ninakifundisha shule ya sekondari. Nikiwafundisha wanafunzi ngeli namkumbuka Madamu nacheka peke yangu, kwa sababu kwake ngeli zote zilikaa chumba kimoja bila kugombana.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miguu mikubwa. Alivaa viatu vya polisi vya marehemu mumewe, amevijaza gazeti mbele, na tulimsikia kabla hatujamwona. Hakupanda bodaboda. Alisema hawezi kukumbatia mgongo wa mtu asiyemjua jina. Kutoka Luzira hadi mjini alitembea, na njiani aliamua ugomvi wa watu ambao hawakumwita. Niliwahi kuongozana naye kwenda Nakasero sokoni kununua simsim, tukatoka saa mbili asubuhi tukafika saa sita, kwa sababu alisimama kuwasikiliza wauza nyanya wawili waliokuwa wakivutana juu ya kivuli cha mwavuli. Mimi nilikuwa nakanyaga huku na huku kama mbuzi aliyefungwa. Yeye aliketi juu ya kreti, akauliza lile swali lake.

Kwetu kaskazini, mtu akimuua mtu wa ukoo mwingine, hata kwa bahati mbaya, koo hizo mbili huacha kula pamoja. Hawanyweshani maji, hawaoani. Hali hiyo huendelea mpaka ukweli usemwe wote, fidia itolewe, halafu wa upande huu na wa upande ule wapige magoti, wanywe kutoka kibuyu kimoja maji machungu ya mzizi wa oput. Luzira hakukuwa na oput, na wanafunzi wa Madamu hawakuwa wameuana, walikuwa wamegombania kalamu na mipira ya majani ya migomba. Basi akatumia mululuza, yale majani machungu ambayo kila mama wa Kampala humnywesha mtoto mwenye malaria. Aliyaponda, akayakamua kwenye beseni la plastiki. Wagomvi wawili walipiga magoti, mikono nyuma, paji la uso la huyu likigusa la yule, wakanywa.

Ila kunywa kulikuwa mwisho, na kufika huko mwisho kulikuwa kazi. Nakumbuka wasichana wawili waliogombana juu ya kamba ya kuruka. Mmoja alianza kueleza, akasema mwenzake alimvuta nywele. Madamu akamkatiza.

"Huyo iko na mdomo yake. Wewe anza na mkono yako."

Akaanza tena, akasema mwenzake ni mwongo. Madamu akamrudisha. Akaanza mara ya tatu, akalia. Madamu hakumbembeleza, alingoja akiparuza ukucha kwenye dawati. Mara ya tano msichana akasema kwa sauti ya chini kwamba aliikata kamba kwa wembe siku ya Alhamisi, kabla ya kuvutwa nywele. Hakuna aliyekuwa anajua. Hapo ndipo Madamu akavuta beseni. Pole ya haraka aliichukia kuliko tusi. Mtoto akisema "pole" kabla hajasema alichofanya, Madamu alimwambia airudishe mfukoni, bado ni mbichi.

Mambo haya yalimletea maneno. Wazazi walokole walikwenda kwa mwalimu mkuu wakisema watoto wao wananyweshwa uganga. Mwalimu mkuu, mzee wa Kiganda mwenye heshima zake na asiyependa kelele, alimwita ofisini, nasi tukatega masikio dirishani.

"Madamu, hii ni shure," alisema. "Hapana hospitari, hapana kanisa."

Madamu akamjibu kwa upole kwamba kweli ni shule, na yeye anafundisha. Akakatazwa. Akahamishia beseni lake kwenye baraza ya nyumba yake, Jumamosi asubuhi, na watoto wa walokole wakawa wa kwanza kufika, wakiwa wamewaambia mama zao wanakwenda kuteka maji.

Jirani yake wa ukutani alikuwa Mama Furaha, Mkongo aliyekimbia vita kwao Kivu, msusi wa nywele. Huyu aliongeza kitu chake. Alisema kwao mambo hayamalizwi na watu wawili na mwamuzi peke yao, wengine wote hukaa barza, kikao cha wazi, wakasikia, ili kesho asitokee wa kusema hakusikia. Madamu alikubali. Tangu hapo wanawake walikuja na ndoo zao wakazigeuza viti. Lakini msidhani wawili hawa walikuwa malaika. Waliwahi kununiana miezi miwili juu ya mtaro wa maji machafu, mpatanishi wa kambi nzima akipita mlangoni pa Mama Furaha amegeuza shingo. Tulifurahi sana. Watoto wa darasa la sita tulikwenda mlangoni kwake Jumatatu, tukasimama mstari, tukamwuliza kwa pamoja nani hakuli na nani. Alitufukuza kwa ufagio. Jioni ile ile tulimwona amepiga magoti mbele ya Mama Furaha, beseni katikati, akieleza jinsi mkono wake ulivyosukuma takataka upande wa pili.

Na kwenye mweso alikuwa mwizi. Ule mchezo wa kete alioufundishwa na Waganda aliupenda kuliko chakula, na aliiba kete hadharani, huku akikutazama machoni na kuzungumzia amani. Ukimkamata alisema umri umemfanya asione vizuri.

Habari zake zikafika mbali. Shirika fulani lilisikia kuna mwalimu anayefundisha amani kwa njia za kienyeji, likamwalika hoteli moja ya Nakasero kuwaonyesha wageni desturi ya kumpokea mtu aliyekaa mbali na nyumbani. Mtu huyo, kabla ya kuvuka kizingiti, hukanyaga yai bichi, likapasuka, uchafu wa huko alikotoka ukabaki pale. Madamu alinichukua nimbebee mfuko, nilikuwa tayari kijana wa chuo cha ualimu. Tukaingia ukumbi wenye zulia zito la rangi ya krimu. Wageni wakasimama duara. Madamu akavua kiatu, akainua mguu, akakanyaga. Yai halikupasuka. Liliserereka, likabiringika mpaka chini ya meza ya wakubwa. Meneja alikuwa ameamuru lichemshwe, kwa ajili ya zulia.

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu wa shirika akaharakisha kusema kwamba maana yake imeeleweka, tuendelee. Madamu akainama chini ya meza, akaliokota, akalipangusa, akaketi kwenye kiti cha mbele, akalimenya polepole. Akaomba chumvi. Akaletewa. Alikula mpaka likaisha, wageni wakimtazama, wengine wakiandika. Halafu akavaa kiatu akaniambia twende. Tulipofika barabarani nilimwuliza kama amekasirika, akasema hapana, lilikuwa yai zuri, ila wale watu wanataka amani isiyochafua zulia.

Alicheka akisema hivyo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona akila yai la watu asiowajua, la mpishi asiyemjua, mbele ya wageni hamsini, na kwetu alikuwa hajagusa hata maji.

Sasa nirudi nyuma, nieleze nilivyojua. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilimwambia mtoto mmoja wa Kikongo darasani arudi kwao. Madamu alinisikia, akanizaba kofi. Fimbo alikuwa nayo siku zote, akidai ni ya kuonyeshea ubaoni, lakini kofi hatukulizoea. Kesho yake alinisimamisha mbele ya darasa. Akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule na viatu vyake vya polisi.

"Mkono yangu ya kulia ilipiga mtoto ya dereva," alisema; dereva ndivyo alivyomwita baba yangu. "Nilikuwa na hasira. Hasira ilikuwa yangu, hapana yake."

Nami nikasema langu, nililomwambia yule mtoto. Huyo mtoto nikanywa naye beseni moja, tukagusana vichwa, mambo yakaisha. Ilipofika zamu yangu na Madamu, alitoa vikombe viwili, cha bluu na chekundu. Akanipa cha bluu. Nikauliza kwa nini hatutumii beseni. Akaniambia ninywe changu. Watoto wenzangu waliona, na mimi niliona wameona, na aibu ile nimeibeba mpaka utu uzima. Nilidhani nanuka.

Nilimsumbua mama siku tatu. Siku ya tatu alikuwa anapiga pasi yunifomu, akaweka pasi kando akaniambia. Mimi nikiwa bado mchanga, baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, akipeleka mizigo kaskazini wakati wa vita. Malori yalikwenda kwa msafara, na amri ilikuwa hakuna kusimama, maana lori lililosimama lilichomwa moto. Asubuhi moja, ndani ya vumbi la lori la mbele, baba alimgonga mtu mwenye baiskeli. Hakusimama. Wanakijiji walichoona ni mgongo wa lori tu, uliochorwa simba mwenye jicho moja, la pili rangi yake ilikuwa imebanduka. Miaka ikapita. Madamu akaja kwetu kumpongeza mama kwa kujifungua dada yangu, akapewa chai, akainua macho ukutani, na pale ukutani palikuwa na picha ya baba kijana, ameegemea lori, anatabasamu, simba akionekana vizuri. Madamu akaweka kikombe chini hakijaguswa. Mama alipomwuliza kuna nini, alisema, "Muulize dereva." Wiki ile baba aliiondoa picha.

Basi. Ndiyo habari yote, na baada ya hapo ikawa kimya. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, na mimi niliusikia kila siku. Baba si mtu mbaya. Nasema hivyo na bado nina hasira naye. Aliezeka upya paa la Madamu lilipopeperushwa na upepo. Alimbebea magunia ya mkaa. Alimsalimu kila asubuhi, naye aliitikia vizuri, "Dereva, umelalaje," bila chuki yoyote. Madamu alipokea kazi ya mikono yake na salamu za kinywa chake, na akiitwa kula alisema ameshiba. Baba angeweza kuvuka ile milango minne siku yoyote. Nilimwona mara nyingi akitoka, anafika mlango wa pili, anakumbuka kitu, anarudi. Nikiwa mkubwa nilimwambia waziwazi, "Baba, nenda kaseme." Akasema, "Nitakwenda." Mama akafa, dada akaolewa, Madamu akastaafu akahamia Gulu kwa binti yake, na baba alikuwa bado atakwenda.

Mimi nikawa mtu asiyekalika. Mke wangu husema nakula nimesimama, na ni kweli. Nikialikwa mahali, kwanza natazama nani hagusi sahani. Siku moja Mama Furaha, akiwa anamsuka mke wangu, aliniuliza bila kuinua macho, "Na weye, unangojeaka nini?" Nikamjibu namngoja baba. Akafyonza meno, akaendelea kusuka.

Mwaka huu baba alipatwa na kiharusi, tukampeleka hospitali ya Mulago. Upande wa kulia ukafa, sauti ikaenda kabisa. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, ambao aliutumia kuminya: mara moja kwa ndiyo, kimya kwa hapana. Nilikaa kitandani pake na kitu kilichonijaa hakikuwa huzuni peke yake. Nilikuwa nawaza, mzee, umefanikiwa, sasa hutasema tena.

Siku ya sita, saa za kuwaona wagonjwa, nikiwa nje kwenye benchi la korido, nilisikia viatu. Sikuhitaji kugeuka. Alikuwa amesafiri na basi tangu alfajiri, amezeeka sana, mgongo umepinda. Hatukuwa tumeonana miaka sita. Aliketi karibu nami akauliza hali ya dereva. Nikamwambia hasemi.

"Hasemi kabisa?"

"Kabisa, Madamu. Anaminya mkono tu."

Alitazama mikono yake mwenyewe muda mrefu. Nilimwona amekata tamaa, na hasira ya miaka yote ikanipanda. Nikamwambia baba alipaswa kusema mwenyewe, kwamba nimemngoja tangu utoto, nimemsukuma, nimemnunia, kwamba yeye Madamu ndiye aliyetufundisha kila mtu aanze na mkono wake, na mkono huu ulikuwa wa baba. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi.

"Hiyo ilikuwa ya kalamu," alisema. "Kalamu ni ya mutu moja. Damu ni ya nyumba. Dereva angesema, sawa. Mama yako angesema, sawa. Wewe ungesema, sawa. Mimi nilikuwa nangoja mutu yeyote ya nyumba yenu."

Nilikulia Kampala, nikasoma vitabu vya Kampala, na kichwani mwangu kosa lina mwenyewe, kama kesi ya mahakamani. Desturi nzima nilikuwa naijua kwa maneno, ningeweza kuisimulia darasani: ukoo na ukoo, upande na upande. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba upande ni mimi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Mimi ndiye nimekatwa," alisema. "Nikufundishe pia namna ya kuja?" Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Nilijua wewe unajua. Ulikuwa mtoto ya kunikaribisha. Kila siku, Madamu karibu, ugali iko. Siku moja ukaacha. Nikasema, haya, wamemwambia. Sasa huyu atakuja."

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoacha. Sasa nina arobaini.

Nikainuka, sikuweza kusema nimekaa. Nilianza kwa Kiacholi, nikakwama sentensi ya pili, akaniambia niseme na ile ninayoijua. Nikasema kwamba baba yangu, akiendesha lori, alimgonga ndugu yake mdogo aliyekuwa na baiskeli. Kwamba hakusimama. Kwamba aliiondoa picha. Kwamba mama alijua, nami nilijua, na nyumba nzima tulinyamaza, tukampa kuezeka paa badala ya maneno. Manesi walipita, mtu alisukuma kitanda chenye magurudumu, nami nilisema yote mpaka mwisho bila kutia pole mahali popote. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alitikisa kichwa kukubali. Nilidhani imekwisha.

"Iko kitu moja," alisema. Ndugu yake hakukutwa barabarani. Alikutwa mchana, hatua thelathini ndani ya nyasi, chini ya mti wa moyao, ule wa mafuta. Nyumbani kwao wengine walisema alirushwa na lori, wengine walisema watu walimburuta kumwondoa njiani, wengine wakasema alijikokota mwenyewe na kukaa pale akingoja msaada. Mama yao alikufa akiuliza. "Kila dereva akigonga anatazama kioo. Muulize kama alimwona anainuka."

Niliingia. Nikashika mkono wa kushoto wa baba, nikamwambia Madamu yuko mlangoni, na swali lake ni hili. Alinitazama, jicho moja likachuruzika. Nikamwambia, "Baba, ulipotazama kioo, alikuwa anainuka? Kama ndiyo, minya." Alifumba macho. Nilikaa pale nikiomba mkono ule ubaki umelala. Ukaminya. Uliminya kwa nguvu nisizojua kama bado anazo, na haukuachia.

Kutoka kitandani hadi benchi ni hatua kumi na mbili hivi. Katika hatua hizo nilikuwa na uwongo mzuri tayari mdomoni. Hapana, Madamu, alikufa pale pale, hakusikia kitu. Hakuna ambaye angejua. Bibi wa watu amepinda mgongo, amesafiri siku nzima, angerudi Gulu na usingizi. Nilipomfikia alikuwa amesimama, ameshika ukuta.

"Alimwona anainuka," nikasema. "Alikaa, akainua mkono. Baba akaendelea na safari."

Ule mkono ulioinuliwa sikuambiwa na baba. Niliutia mimi, nikautoa hapo hapo, nikamwambia hilo la kukaa na la mkono silijui, ninalolijua ni kwamba aliinuka. Madamu aliteremka taratibu mpaka kwenye benchi. Alilia bila sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia watu waliochoka. Sikumgusa. Baada ya muda alijifuta na ncha ya kitambaa.

"Kila siku alikuwa anakufa kwa njia ingine," alisema. "Leo amekufa mara moja."

Kisha akaniambia niwapigie simu wazee wa ukoo wetu, sasa hivi, waje wakutane na wa kwao dereva akiwa bado anapumua. Nikasema nitapiga jioni, korido ina kelele. Akasema hapana. Nikatoa simu, nikapiga. Baba mdogo alipokea kutoka Gulu, akauliza kama kaka yake amefariki. Nikamwambia hapana, kuna neno la nyumba yetu, akae chini. Nikaanza kwenye lori. Madamu alisimama mbele yangu akisikiliza kila sentensi, na nilipofika kwenye kioo nikasimama, nikamtazama.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea.